Boti ya milioni 28 itakula kiasi gani kwa mwaka?

Swali: Ninaishi Dar es Salaam, nina mke na watoto watatu. Nimepata boti ya faiba ya futi 21 yenye mashine moja ya nguvu za farasi 75, ya kuchanganya oili na petroli; boti na mashine vyote vina miaka 9. Mwenyewe anataka shilingi milioni 28. Inakaa kwenye boya Msasani, ambako analipa 50,000 kwa mwezi kwa nafasi na 200,000 kwa kijana anayeitunza, na ananihakikishia kwamba ukiacha petroli haijawahi kumgharimu zaidi ya milioni 3 kwa mwaka. Mimi nataka kuipeleka familia kwenye visiwa vya Bongoyo au Mbudya mara mbili kwa mwezi, na mara sita kwa mwaka nitoke na rafiki zangu kuvua. Dukani nimeambiwa mashine mpya ya aina hiyo ni milioni 14. Kwa sasa tunakodi boti kwa 350,000 kwa siku, petroli ikiwemo. Je, hesabu ya huyu bwana ni ya kweli?

Jibu: Ndugu yangu, zidisha kwanza. Shilingi 250,000 za nafasi na kijana, mara miezi 12, ni milioni 3 kamili, wala haibaki senti ya kununulia hata plagi moja. Sidhani kwamba bwana huyo amekudanganya. Amekutajia fedha zinazomtoka mkononi kila mwisho wa mwezi, ambazo mtu yeyote huzikumbuka, na hakukutajia zile zinazotoka mara moja kwa mwaka, au mara moja kwa miaka mitatu, au siku mashine inapozimika katikati ya maji na ikabidi kuvutwa hadi nchi kavu. Nimetunza boti za watu kwa miaka mingi katika pwani hii, na karibu kila mwenye boti niliyemuuliza gharama zake za mwaka alinijibu kwa namna hiyo hiyo, akitaja kijana na boya, kisha akanyamaza kidogo, kisha akasema, "na vitu vidogo vidogo." Jibu langu lote linahusu hivyo vitu vidogo vidogo.

Huenda umewahi kusikia kanuni inayosemwa na wenye boti sehemu nyingi duniani, kwamba kila mwaka utenge asilimia 10 ya bei ya boti kwa ajili ya matunzo. Kwa bei yako hiyo ni shilingi milioni 2.8, jambo ambalo lingeonekana kukubaliana na maneno ya mwuzaji. Kanuni hiyo haina ubaya ikiwa boti imetoka dukani jana, lakini kwa boti kuukuu inapotosha sana, kwa sababu bei ya boti hushuka kila mwaka ilhali urefu wake haupungui hata inchi moja. Futi 21 zitakunywa rangi ile ile zilizokunywa zilipokuwa mpya, mashine ya 75 itadai impela ya bei ile ile, na bahari haitoi punguzo kwa chombo cha mkono wa pili. Kinyume chake, kitu chenye miaka 9 kinadai zaidi. Ukitaka kuitumia kanuni hiyo, basi chukua bei ya boti mpya inayolingana na hiyo, wala usichukue bei uliyotajiwa wewe.

Nianze na mashine, kwa kuwa ndiyo roho ya boti na ndiyo inayomaliza wenye boti wengi kifedha. Mashine ya boti hupozwa kwa maji yale yale inayoelea juu yake: pampu ndogo iliyo chini, karibu na gia, huyavuta maji ya bahari, huyapandisha hadi kichwani, kisha huyatoa. Kiasi kidogo hutokea pembeni kama mshipa mwembamba, na ndiyo maana mafundi husema mashine inakojoa. Ikiacha kukojoa, una dakika chache tu za kuizima kabla haijaungua. Ndani ya pampu hiyo mna impela, gurudumu la mpira lenye mapanga yasiyozidi urefu wa kidole gumba, na mpira huo ndio unaosimama kati yako na hasara ya milioni 14. Niliwahi kufungua mashine ya 60 ambayo mwenyewe aliapa kwamba ni nzima, ila tu "inakojoa kidogo." Mapanga yote yalikuwa yamelala upande mmoja kama majani yaliyonyauka, mawili yalikuwa yamekatika, na vipande vyake nilivikuta vimekwama ndani ya njia ya maji, juu kabisa, karibu na themostati. Ilinichukua siku nzima kuvitoa, kwa sababu ya kifaa ambacho mtu angekibadilisha kwa saa moja.

Impela ibadilishwe kila mwaka. Vitabu vya mashine mara nyingi huruhusu muda mrefu zaidi, lakini maji yetu ya kina kifupi yana mchanga mwingi, nao mchanga huula mpira kama msasa. Oili ya gia ibadilishwe kila baada ya saa 100 za kazi au kila miezi sita, kutegemea kipi kimetangulia, na wakati wa kuimwaga itazame: ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yameingia kwenye gia na sili zimechoka. Vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye mashine vipo ili viliwe na chumvi badala ya mashine yenyewe, na vikiliwa nusu huondolewa na kuwekwa vipya. Usivipake rangi hata siku moja. Nimeona kijana mwenye bidii akivipaka ili vipendeze, na kazi yake nzuri ikaifanya chumvi ihamie kwenye mguu wa mashine. Ongeza plagi tatu, filta ya kutenganisha maji na petroli, grisi, na ujira wa fundi anayeijua kazi. Kwa makadirio yangu ya bei za sasa, mwaka ambao hakuna kilichoharibika utakugharimu kama shilingi 700,000.

Lipo jambo ambalo mwuzaji hakukuambia na wewe hukuliuliza. Mashine inayotumika baharini inatakiwa isuuzwe kwa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, dakika 10 hadi 15 kila baada ya safari. Boti inayokaa kwenye boya haina bomba. Kijana huinua mashine juu, hufuta nje kwa kitambaa chenye maji ya chupa, hufunika kwa turubai, na ndani chumvi hubaki ikikauka na kuganda safari baada ya safari, hadi njia za maji zinapokuwa nyembamba kama mishipa ya mzee. Ndiyo maana sioni fahari yoyote mtu anapojisifu kwamba mashine yake "haijatembea sana." Mashine nyingi za burudani hapa pwani hazifi kwa kuchoka. Hufa kwa kukaa, zikiwa na saa mia chache tu za kazi, wakati mashine ya mvuvi inayowaka kila siku inafika mbali zaidi kwa sababu haipewi nafasi ya kukauka.

Upande wa chini ya boti una hesabu yake. Katika maji ya uvuguvugu kama yetu, boti iliyokaa wiki mbili tayari ina utelezi wa kijani, na ikikaa miezi miwili bila rangi ya kinga huota vikombe vidogo vigumu vinavyokata mkono. Boti hiyo haipandi tena juu ya maji. Hulala na kulima, huku mashine ikilia na petroli ikienda. Wazee wa mashua walipambana na adui huyo huyo kwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, wakikipweleza chombo kwenye mchanga na kukipaka kabla maji hayajarudi, na kazi ilirudiwa tena na tena mwaka mzima. Sisi wa faiba tunatumia rangi yenye shaba, ambayo ni ghali, lakini ikipakwa vizuri hudumu mwaka au karibu na mwaka.

Ni rahisi kukadiria utakachohitaji. Chukua urefu wa boti kwa mita, zidisha kwa upana, kisha zidisha kwa 0.85, kwa boti ya mita 6.4 kwa 2.2 utapata mita za mraba 12 za sehemu inayokaa majini. Lita moja ya rangi hiyo hufunika kama mita za mraba 10, na kwa kuwa hupakwa mara mbili, pamoja na kuongeza pale maji yanapopigapiga, utahitaji lita 3. Ukikadiria shilingi 100,000 kwa lita, mafundi wawili wa kupara na kupiga msasa kwa siku mbili, na gharama ya kuitoa boti majini na kuirudisha, unafika 650,000. Kati ya rangi na rangi, mtu aingie majini kuisugua kwa kitambaa laini mara nne hivi, na hapo weka 120,000 nyingine. Wapo wanaookoa gharama ya kuitoa kwa kuiacha ipwelewe siku za bamvua, kwa kuwa hapa Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo huzidi mita 3. Ni jambo la busara kwa kuosha, lakini kwa kupaka rangi halifai sana, maana rangi nyingi za kinga zinataka muda wa kukauka ambao bahari haikupi.

Boya lenyewe ulitazame pia, ingawa umeambiwa kwamba nafasi inalipiwa. Uliza mnyororo ni wa nani. Sehemu ya mnyororo inayonyanyuka na kulala kila maji yanapojaa na kupwa hujisugua mchanga usiku na mchana, na husagika ikabaki nyembamba kuliko penseli, huku pande zake zote mbili, juu na chini, zikionekana nzima kabisa. Atumwe mzamiaji kila baada ya miezi sita, aguse pingu na pete kwa mkono wake, asiridhike kwa macho. Boti nyingi zilizokutwa asubuhi ya kusi zimelala juu ya miamba zilikuwa na kamba mpya nzuri juu na mnyororo uliooza chini.

Petroli mwuzaji aliiacha nje ya hesabu yake, lakini haiachiki. Mashine ya 75 ya kuchanganya, ikikimbizwa hadi mwisho, hunywa karibu lita 30 kwa saa. Ukienda mwendo wa kiungwana ambao boti imekaa vizuri juu ya maji, chukua wastani wa lita 18. Safari zako 24 za visiwani, kwa saa 2 za mashine kuwaka kila moja, ni saa 48. Safari 6 za kuvua kwa saa 4 ni saa 24. Jumla saa 72, sawa na lita 1,296. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei mpya kila mwezi, kwa hiyo mimi natumia 3,000 kwa lita ili hesabu iende, na inakuja shilingi 3,888,000. Mashine hiyo huchanganywa lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, hivyo ongeza lita 26 za oili maalumu ya mashine za boti, si ile ya pikipiki, na kwa 15,000 kwa lita ni 390,000. Petroli na oili kwa pamoja ni kama milioni 4.28. Kiingilio cha Bongoyo na Mbudya, ambazo zimo katika hifadhi ya bahari tangu 1975, sijakihesabu, kwa sababu unakilipa hata sasa unapokodi.

Mengine nitayapita haraka. Usajili na ukaguzi wa vyombo vidogo kwa Tanzania Bara uko chini ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na kwa Zanzibar chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Ukitaka kuvua, utafute na leseni ya uvuvi. Ada zenyewe hazitakuumiza kama vifaa utakavyotakiwa kuwa navyo: jaketi okozi kwa kila mtu, na za watoto ziwe za saizi ya watoto kweli, mtungi wa kuzimia moto unaokaguliwa kila mwaka, fataki za dharura, ambazo huisha muda wake baada ya miaka 3 hivi, na redio ya VHF, kwa kuwa simu haisikii kila mahali na chaneli 16, ile ya dharura, inasikilizwa. Ukigawanya vifaa hivyo kwa miaka vinayodumu, pamoja na ada, tenga 350,000 kwa mwaka. Betri, kamba, pampu ya kufulia maji ya ngama (yale yanayokusanyika chini ndani ya boti), taa na waya ambazo chumvi huzigeuza unga wa kijani, weka 400,000. Weka tena 500,000 za bahati mbaya, maana mbele ya visiwa hivyo kuna miamba ambayo maji yakipwa hukuta propela yako kabla wewe hujaiona.

Bima ndiyo ambayo wengi huiruka kwanza fedha zinapobana, na mimi sikushauri uiruke. Tuseme kampuni ikutoze asilimia 2 ya thamani, ni shilingi 560,000. Soma vizuri mkataba unasema nini kuhusu wizi wa mashine, kwa sababu mashine ya boti ni mali inayobebeka na inayouzika kwa urahisi ufukweni, na baadhi ya mikataba hailipi kama mashine haikuwa na kufuli la boliti. Muhimu kuliko hiyo ni ile sehemu inayolipia madhara utakayomfanyia mwingine, mathalani mwogeleaji au mvuvi aliye ndani ya ngalawa bila taa.

Sasa jumlisha yaliyokuwa "vitu vidogo vidogo": mashine 700,000, rangi na usafi 770,000, umeme na kamba 400,000, vifaa na ada 350,000, bima 560,000, bahati mbaya 500,000. Ni 3,280,000, kiasi kinachozidi kidogo kile alichokutajia mwuzaji kuwa ndicho chote. Pamoja na milioni 3 zake unapata 6,280,000, nayo mashine bado haijawashwa.

Imebaki gharama moja kubwa ambayo haina risiti, na hata wenye boti waangalifu huikwepa. Mashine unayouziwa ina miaka 9 ya chumvi. Ikitunzwa kwa mkono mzuri, mimi ningeipa miaka 5 mingine, nikijua kwamba ninaipendelea. Mashine mpya ni milioni 14. Ukigawanya kwa 5, kila mwaka inakudai milioni 2.8 za kuweka pembeni. Usipoziweka, deni halifutiki. Litakuja lote siku moja, na siku hiyo utafanya kama walivyofanya wengi, utaiacha boti kwenye boya "mpaka mambo yakae sawa," huku ukiendelea kumlipa kijana kulinda kitu kisichotembea.

Kwa hiyo gharama zinazokuja hata usipotoka ni 6,280,000 na 2,800,000, yaani milioni 9.08. Ongeza petroli na oili, unafika milioni 13.36 kwa mwaka, karibu nusu ya bei ya kuinunulia. Kwa safari zako 30, kila safari ni kama 445,000, na wewe unakodi kwa 350,000.

Utauliza ni safari ngapi zitakazofanya kununua kuwe sawa na kukodi. Kila safari yako inakula kama 143,000 za petroli na oili, kwa hiyo kila unapotumia boti yako badala ya kukodi unaokoa 207,000 hivi; ukigawanya milioni 9.08 kwa kiasi hicho unapata safari 44. Tena safari 44 hazipatikani kirahisi kama zinavyoandikwa. Masika ya Machi hadi Mei hukatisha wikiendi nyingi, na kati ya Juni na Agosti kusi huvuma mchana kwa nguvu ambayo wewe na rafiki zako mtaistahimili lakini mama na watoto wataikataa baada ya kuloa mara moja. Miezi mizuri ya familia ni ile ya kaskazi iliyotulia na ile ya tanga mbili, pepo zinapobadilishana zamu. Nina daftari ninaloandikia kila boti ninayoitunza inapotoka, na mtindo wake haubadiliki sana: mwaka wa kwanza mwenyewe hutoka mpaka jirani humwonea wivu, mwaka wa pili hupunguza, na mwaka wa tatu hunipigia simu kuuliza kama betri bado ina moto.

Haya yote hayana maana kwamba usinunue. Mtu hanunui boti ili apate faida, kama vile hajengi baraza ili alipangishe. Wanao watajifunza kusoma maji, kufunga fundo na kukaa kimya wakati kapteni anapofikiri, na hilo halipo kwenye boti ya kukodi. Lakini ununue ukijua kwamba unanunua kitu cha milioni 13 kwa mwaka, kisha upunguze pale panapopungua.

Ningekuwa mimi, ningebadilisha mambo mawili. Kwanza, ningeitoa kwenye boya na kuiweka juu ya trela nyuma ya nyumba au katika yadi ya karibu na ufukwe. Rangi ya kinga haitahitajika, mnyororo hautakunyima usingizi wakati wa kusi, mashine itasuuzwa kwa bomba kila safari na kuongezewa miaka, na kijana wa mwezi mzima atageuka mtu wa kulipwa siku unapotoka. Trela nayo ina adabu yake: beringi zinazozamishwa kwenye maji ya chumvi zikiwa bado na moto wa barabarani huvuta maji ndani na kufa haraka, basi ziache zipoe kwanza, kisha uzisuuze na kuzipaka grisi ukirudi. Kwa boti ya futi 21 utahitaji gari lenye nguvu na mteremko mzuri wa kushushia, kwa hiyo hakikisha pa kushushia kabla hujanunua trela.

Pili, ningetafuta mwenzangu mmoja, ndugu au rafiki ambaye tabia yake ya fedha naijua. Hata mkiiacha kwenye boya, zile milioni 9.08 zisizojali safari zinagawanyika na kuwa 4.54 kwa kila mmoja, na hapo safari 22 zinatosha kukufikisha mahali ulipo sasa na kukodi. Andikeni mapema nani anatoka lini, nani analipa propela ikigonga mwamba, na mmoja akitaka kujitoa atalipwaje. Najua kwetu watu huona aibu kuandikiana wanapoaminiana. Kwenye boti, hiyo ndiyo aibu ya bei nafuu kuliko zote.

Kuhusu bei, milioni 28 ni ya mtu anayeihesabu mashine kuwa ina thamani kamili. Wewe ihesabu kuwa imekwisha tumika zaidi ya nusu, na uanzie hapo kuomba apunguze. Kabla ya kufikia bei, kagua ubao wa nyuma unaobeba mashine. Ndani ya faiba yake, katika boti nyingi za umri huo, mna mbao za plaiwudi, na maji huingia kupitia matundu ya boliti na kuzilainisha kimyakimya. Chukua sarafu, gonga kuanzia juu ukishuka: sauti kavu na kali ni nzuri, na pale inapogeuka kuwa butu, kana kwamba unagonga boga, pameoza. Kisha shika mguu wa mashine, uusukume juu na chini kwa nguvu, huku mwenzako akitazama kama ubao unacheza. Mimi niliwahi kununua boti nikaruka hatua hiyo kwa sababu rangi ilikuwa mpya na mwuzaji alikuwa mtu wa heshima. Kuutengeneza ubao huo kulinigharimu karibu robo ya bei niliyoinunulia.

Mwisho, panga kuijaribu asubuhi, na mwambie mwenyewe kwa upole kwamba asiiwashe mashine kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya kichwa cha mashine kwanza. Kikiwa cha moto, msalimie, kunywa naye chai, na uombe kurudi siku nyingine.